Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Vijana wa Kwale na Kazi ya Afya



Katika taarifa ya mwaka ni desturi kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Safari hii twaomba ruhusa tuhesabu mali isiyoandikwa katika daftari la mweka hazina, nayo ni elimu ya afya: imefika kiasi gani katika nchi yetu, tangu Diani hata Msambweni, na imebaki kwa nani.

Babu zetu hawakumwacha kijana ajifunze kazi peke yake. Fundi wa mashua alikuwa na mwanagenzi wake, ambaye alianza kwa kuokota misumari na akaishia kushika tezo mwenyewe. Mwari naye alikuwa na kungwi wake. Kazi ya hospitali pia ilikuwa hivyo. Chuo cha serikali cha kufundisha watumishi wa tiba, ambacho asili yake ni Nairobi mwaka 1927, leo kina tawi hapa Msambweni. Lakini dresa wa zamani alijua kufunga kidonda kwa sababu alisimama kando ya mtu aliyejua.

Sasa tutazame mambo matatu yaliyotendeka kwetu.

La kwanza ni kichocho. Mwaka 1984 wataalamu wa serikali, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, walianza kuwatibu watoto wa shule katika sehemu ya Msambweni, na kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1992. Mikojo ilichujwa, mayai ya mdudu yakahesabiwa kwa hadubini, na dawa mbili, metrifoneti na prazikwanteli, zikalinganishwa. Dawa ilisaidia sana. Lakini konokono hawanywi dawa: mtoto aliyepona, akirudi kuoga katika dimbwi lile lile, aweza kuupata ugonjwa tena. Basi ugonjwa huu wataka mlinzi ambaye hahami.

La pili ni minyoo ya safura. Kati ya mwaka 2015 na 2017, mpango ulioitwa TUMIKIA, maana yake Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya, ulijaribiwa katika sehemu 120 za Kwale. Mahali watoto walipopewa dawa shuleni tu, waliokuwa na minyoo walipungua kutoka 18.6 hata 13.8 katika kila watu mia. Mahali dawa ilipopelekwa nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka, walipungua kutoka 20.6 hata 6.2. Na ni nani aliyebisha hodi? Ni wahudumu wa afya wa vijijini, majirani zetu wenyewe, ambao mwenye nyumba awajua kwa jina na kwa ukoo.

La tatu ni mbu. Mwaka 2016 nyumba 444 za Kwale zilikaguliwa. Ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya viluwiluwi na mabuu ya mbu, yaani 55.2 katika kila mia, walikuwa katika vyombo vyenye maji visivyo na kazi yo yote: makopo, magurudumu mabovu na takataka nyingine zilizokinga mvua. Wenye nyumba walitegemea chandarua, wasijue sana habari za mbu aumaye mchana, yule aletaye homa ya dengi na chikungunya.

Mambo haya matatu yana fundisho moja. Hesabu ya mayai, hodi ya mlangoni na ukaguzi wa kopo la uani ni ufundi, na ufundi haujifunzwi kwa kitabu peke yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na mwenyeji amepona. Lakini mgeni akifunga mizigo yake, je, mwenyeji amebaki na ufundi au amebaki na shukrani tu?

Twajua kwamba mara nyingine vijana wetu hupelekwa mazoezini. Mwandishi wa maneno haya alipata kumwona msichana mmoja, hodari wa elimu ya viumbe, akikaa miezi mitatu katika ofisi moja akichemsha chai na kufagia. Alirudi nyumbani na barua yenye muhuri, na hadubini hakuigusa. Hilo si funzo, ni utumishi usio na ujira.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kila mwanafunzi apewe mkuu mmoja wa kumfunza, ajulikane kwa jina, ambaye ataulizwa maendeleo yake. Aandike kila jioni alichokitenda kwa mikono yake. Afundishwe siku ya kwanza kwamba siri ya mgonjwa ni amana. Na chama kimsaidie nauli na chakula cha mchana, maana bila hayo mtoto wa maskini wa Lunga Lunga hataweza kufika Msambweni, na nafasi zitakwenda kwa wenye nacho.

Wazee wauguzi na mabwana afya waliostaafu, nanyi mmo katika hesabu hii. Mnayoyajua hayajaandikwa. Mkiondoka nayo, hakuna mradi utakaoyarudisha. Mchukueni kila mmoja wenu mwanagenzi mmoja, na katika taarifa ya mwaka ujao tuyasome majina yao.