Turbo: Kwa nini nguvu yake hubadilika dereva anapokanyaga mafuta nusu

Dereva anayetoka Mombasa kwenda Nairobi huanza safari usawa wa bahari na kuimaliza kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya asilimia 80 ya ule wa pwani. Gari lenye turbo huhimili badiliko hilo vizuri zaidi kuliko lisilo nayo, lakini si kila wakati. Msaada wa turbo hutegemea kazi ambayo injini inafanya, na dereva anayekanyaga mafuta kidogo huenda asiupate kabisa.

Pampu inayoendeshwa na moshi

Turbo ni pampu ya hewa. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu lenye mapanga madogo, lililounganishwa kwa shafti na gurudumu la pili linalovuta hewa safi na kuisukuma kuelekea injini. Magurudumu hayo yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiongezeka ndani ya silinda, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka.

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Magari madogo ya petroli yenye turbo yaliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1962, yakiwemo Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder.

Kwa kuwa turbo huendeshwa na moshi, haiwezi kutoa nguvu kabla injini haijafanya kazi ya kutosha. Moshi ukiwa mchache na wenye joto dogo, mapanga huzunguka polepole.

Nusu ya kanyagio si nusu ya mgandamizo

Katika injini ya petroli, kanyagio la mafuta hutawala kilango kinachopitisha hewa. Kilango kikifunguka kidogo tu, kama gari linapotembea kwa mwendo wa kawaida kwenye tambarare, mgandamizo baada ya kilango huwa chini ya ule wa hewa ya nje. Geji ya turbo ikisoma chini ya sifuri wakati huo, hakuna kilichoharibika: injini haihitaji hewa ya ziada.

Hata hivyo, kati ya turbo na kilango mgandamizo unaweza kuwa mkubwa kuliko wa nje. Ndiyo maana geji mbili zilizofungwa sehemu tofauti za injini moja zinaweza kutoa majibu tofauti, na zote zikawa sahihi.

Magari ya zamani yalidhibiti turbo kwa vali yenye springi, inayopitisha moshi pembeni mgandamizo unapofikia kiwango kilichowekwa. Katika magari hayo, injini ikizunguka kwa kasi, kanyagio la nusu lingeweza kuleta karibu mgandamizo wote. Magari mengi ya sasa hutumia kompyuta. Kanyagio hueleza kiasi cha nguvu anachokitaka dereva, nayo kompyuta huamua kilango kifunguke kiasi gani na moshi kiasi gani upite pembeni. Mzigo ukiwa mdogo, mara nyingi huuacha moshi upite pembeni ili injini isipoteze nguvu kwa kuusukuma, na mafuta huokolewa.

Injini za dizeli ni tofauti. Nguvu yake hutawaliwa hasa na kiasi cha mafuta yanayopulizwa ndani ya silinda, wala si kwa kuibania hewa. Hata hivyo, mafuta yakiwa machache, moshi hukosa joto na turbo hupungua kasi. Ili kupunguza tatizo hilo, dizeli nyingi za kisasa zina mapanga yanayogeuka ili kuubana moshi na kuuongezea kasi.

Hatari iko wakati wa kupita gari jingine

Dereva anayefuata lori kwa gia kubwa na mzunguko mdogo wa injini huwa na turbo iliyolala. Akikanyaga ghafla ili apite, msukumo hauji papo hapo: moshi lazima uongezeke kwanza, kisha mapanga yashike kasi. Nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, kuchelewa huko huhisika zaidi, kwa sababu kabla turbo haijaamka injini hufanya kazi kama injini ndogo ya kawaida. Sekunde moja au mbili katika njia ya gari linalokuja si jambo dogo.

Dawa yake ni kushusha gia na kuacha mzunguko wa injini upande kabla ya kutoka nyuma ya lori. Msukumo usipokuja, dereva abaki upande wake.

Kwa upande wa gharama, turbo isihukumiwe kwa namna gari linavyotembea kwenye tambarare. Fundi anapaswa kuipima injini ikiwa na mzigo, kama vile kwenye mlima, na kulinganisha mgandamizo unaotakiwa na kompyuta na ule unaopatikana. Ukiwa pungufu, mipira ya hewa ikaguliwe kwanza: mpira uliolegea au kupasuka hupoteza hewa, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya turbo mpya.