Uvumilivu wa Dini katika Somo la Kiarabu: Madrasa za Indonesia

Msomaji wa pwani yetu akisikia madrasa hufikiria chuo cha Kurani cha jioni. Madrasa ya Indonesia ni shule kamili, yenye hisabati na sayansi, chini ya Wizara ya Dini: Ibtidaiyah ya miaka 6, kisha Tsanawiyah na Aliyah za miaka 3 kila moja. Kiarabu hufundishwa humo pamoja na fikihi, yaani sheria za dini, na akida, yaani misingi ya imani. Wakati wa waziri Lukman Hakim Saifuddin, wizara ilianza kuhimiza wastani katika dini, na mwaka 2019 ikautolea kitabu chenye vigezo vinne: uzalendo, kuvumiliana, kukataa matumizi ya nguvu, na kuzikubali mila za wenyeji.

Agizo la mtaala namba 184 la mwaka huohuo halikumlazimisha mwalimu kuyaandika maadili haya kwenye andalio la somo. Lilimtaka ayajenge kwa mazoea ya darasani. Hapo ndipo Kiarabu kina nafasi ambayo fikihi haina. Fikihi hutoa hukumu, lakini lugha huhitaji mifano, na mifano huchaguliwa na mwalimu. Chukua nisba, ile yee ya mwisho inayogeuza jina kuwa sifa. Mwalimu akishamaliza nchi na miji, anaweza kuingia kwenye masihi, hindusi na budhi, yaani Mkristo, Mhindu na Mbudha, kisha wanafunzi wakaulizana wawiliwawili: jirani yako ni nani? Ni Mhindu wa Bali, anafundisha hesabu. Sarufi imeeleweka, na mtu wa dini nyingine ametajwa kwa kazi yake na kwao. Mazungumzo ya vitabuni yanayowafanya watoto wahutubiane kuhusu amani naona hayafiki mbali. Watoto hawazungumzi hivyo.

Kamusi nayo ina somo lake. Al-Munjid, inayotumika sana katika pesantren, yaani shule za bweni za Kiislamu, ilitungwa na Louis Ma'luf, padri Mjesuti wa Lebanon, ikatoka Beirut mwaka 1908. Imekosolewa kwa namna inavyogusa mambo ya Uislamu, ila haijaondoka rafuni.

Kigumu ni kuupima uvumilivu wenyewe. Mtihani hupima msamiati, irabu na ufahamu. Mwanafunzi wa bweni kijijini Jawa anaweza kuimudu nisba yote asikutane na Mhindu hata mmoja mwaka mzima. Mwenzake wa Bali, ambako Waislamu ni wachache, humkuta akitoka tu getini.