Kujua Miti Wakati wa Kiangazi

Hapa kwetu Kalemie, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua inakatika, na miti mingi ya mlimani inaangusha majani. Wengi wanafikiri huo si wakati wa kujifunza miti. Sisi walimu tunaona kinyume: majani yakianguka, ndipo ganda, utomvu na tunda vinasema.

Tuanze na mwembe, ambao haupotezi majani. Asili yake ni Asia. Ulifika pwani ya Afrika ya mashariki, kisha katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ikautembeza hadi Ujiji, ikavuka ziwa kupitia Mtoa, ikaendelea Kasongo. Kwa hiyo ukikuta miembe mizee imesimama porini pasipo nyumba, uliza: nani aliishi hapa? Mara nyingi utapata kijiji kilichohama, ao njia iliyokufa.

Miti ya kienyeji nayo iko na historia yake. Muputu unatambulika kwa maganda yake ya mbegu, yanayopasuka kwa kishindo jua likiwa kali. Wazee walivua ganda la shina lake wakapata kamba na mizinga ya nyuki. Kabla mvua kurudi unatoa majani mapya mekundu, kwani mizizi ilikwisha kuweka akiba. Mizizi hiyo inaishi pamoja na uyoga, na uyoga unaisaidia kupata chakula katika udongo maskini. Ndiyo maana tukimaliza miputu kwa makala, na uyoga wa masika tutautafuta bure.

Na mukula je? Tunda lake ni bapa, duara, lenye bawa pembeni. Ukiukata unatoa utomvu kama damu. Wazee wetu walipata humo nkula, unga mwekundu wa sherehe. Lakini baada ya 2010 magogo yake yalianza kutoka Katanga kwa malori, kwenda kutengenezwa viti na makabati huko China. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuuweka chini ya mkataba wa CITES, ili biashara yake isimamiwe. Sehemu nyingi, mikubwa ilikwisha kukatwa.

Siku moja tulionyesha mwanafunzi kisiki cha mukula. Akajibu: "Ni muti tu, mwalimu." Jibu hilo lilituumiza. Mtu hawezi kulinda kitu asichokijua jina.

Hata hivyo, kisiki kile kilikuwa na machipukizi. Miti mingi ya pori letu inaota tena kutoka kisiki, kama moto wa mwisho wa kiangazi hauipitii, maana ndio unaounguza zaidi. Basi wazazi, kiangazi kijacho pandeni mlima na watoto. Wafundisheni majina kwa Kitabwa, kwa Kiholoholo, kwa Kiluba, mkiyajua bado. Visiki vinaweza kungoja kidogo. Wazee wanaojua majina hawatangoja.