Mafundisho ya Sanaa kwa Watoto wa Maskini katika Mji wa New York

Mji wa New York, katika Marekani, ni mji wa mali nyingi, na watu wa mbali hudhani ya kuwa shule zake hazikosi kitu. Lakini mwaka wa 1975 hazina ya mji ule ilikauka. Kwa miaka mingi watawala wake walikuwa wakikopa ili kulipa yale waliyokopa kwanza, hata mwisho wenye benki wakakataa kuwakopesha tena. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mji ulikuwa karibu kushindwa na madeni yake, ukaokolewa na akiba ya uzeeni ya walimu, ambayo ilitoa dola milioni 150 kununua hati za mkopo wa mji. Ni vema jambo hili likumbukwe, maana maelfu ya walimu walikuwa wameondolewa kazini katika mwaka uo huo.

Mahali fedha zinapopungua, watu huuliza ni somo gani liwezalo kuachwa. Hesabu haiachwi, wala kusoma. Basi walimu wa kuchora na wa muziki walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka, kwa kuwa wengi waliyahesabu mafundisho yao kuwa pambo tu. Mtu tajiri hakupata hasara kubwa, kwani aliweza kumlipia mwanawe mwalimu wa piano nyumbani, na kumpeleka kutazama picha siku ya Jumamosi. Mtoto wa kibarua hakuwa na mlango mwingine ila ule wa shule, na mlango ule ulifungwa.

Palikuwa na bibi mmoja jina lake Agnes Gund, aliyezaliwa mwaka wa 1938 katika mji wa Cleveland, binti wa mkuu wa benki. Alirithi mali, akapenda kununua picha za wachoraji wa zama zake. Habari ya kupunguzwa kwa masomo ya sanaa aliisoma gazetini. Angaliweza kununua rangi na karatasi, akazigawa, akashukuriwa, akaenda zake. Wafadhili wengi ndivyo wafanyavyo, na rangi zikiisha kazi nayo imekwisha. Yeye mwaka wa 1977 alianzisha chama kiitwacho Studio in a School, maana yake chumba cha kazi cha msanii ndani ya shule, na kazi yake ilikuwa kupeleka watu.

Wasanii wenyewe, wale waishio kwa kazi ya mikono yao, waliingia katika shule za serikali ili kufundisha. Watoto walichora, wakafinyanga udongo, wakakata karatasi na kuzigandisha, wakachonga vibao na kupiga chapa. Mwalimu wa darasa naye alikuwapo akitazama na kujifunza. Walimu watakaosoma habari hizi watafahamu faida yake: mtoto aliyeshindwa kila siku mbele ya ubao huweza kuonekana hodari mbele ya udongo, na tangu siku hiyo mwalimu wake humtazama kwa macho mengine.

Wengine walifuata. Mwaka wa 1993 Walter Annenberg, aliyetajirika kwa kuchapisha magazeti, aliahidi dola milioni 500 kwa ajili ya kutengeneza shule za serikali katika Marekani. Katika fedha hizo dola milioni 12 zililetwa New York mwaka wa 1996 kwa mafundisho ya sanaa, kwa sharti kwamba wengine nao watoe sehemu yao. Sharti hilo lilikuwa la busara, kwa maana mfadhili mmoja hawezi kulisha shule zenye watoto wapatao milioni moja.

Hata serikali ya mji ikaona haya, au pengine ikatiwa moyo. Huenda yote mawili. Mwaka wa 1997 ilitenga fedha za sanaa kwa kila mwanafunzi, zisizoruhusiwa kutumiwa kwa jambo jingine. Kwa miaka kumi walimu wa sanaa walizidi kurudi. Kisha mwaka wa 2007 kizuizi hicho kiliondolewa, na wakuu wa shule wakaachiwa kutumia fedha zile wapendavyo. Kwa kuwa walikuwa wakipimwa kwa mitihani ya kusoma na hesabu, haikuwa ajabu walipozipeleka huko. Kati ya mwaka wa 2006 na 2013 fedha za kununulia vifaa vya sanaa zilipungua kwa asilimia 84.

Mwaka wa 2014 mkaguzi wa hesabu za mji alitoa taarifa yake. Katika kila shule tano, moja haikuwa na mwalimu wa sanaa hata mmoja, na zaidi ya asilimia 42 ya shule hizo zilikuwa katika South Bronx na sehemu za kati za Brooklyn, mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Wakati huo chama cha Bibi Gund kilikuwa kimefanya kazi miaka 37, nacho hakikuwa kimelala. Lakini kilikuwa chama kimoja, na shule zilikuwa zaidi ya elfu. Katika mwaka uo huo serikali ya mji iliongeza dola milioni 23 kwa mafundisho ya sanaa, na sehemu yake ikawa kwa kuajiri walimu wapya katika shule zilizokosa. Bibi Gund alifariki mwezi wa Septemba mwaka wa 2025, mwenye umri wa miaka 87.