Bia ya Mpishi

Anayekwenda kuonja bia na marafiki Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atakutana na neno "krafti" kabla hata hajaketi. Limeandikwa kwenye ubao wa bei na kwenye chupa, na mhudumu analitamka bila kusita. Crafty Dee's ya Dar es Salaam, Brew Bistro ya Nairobi na Banange ya Kampala zimejijengea jina kwa bia za namna hiyo. Katika baa za aina hii, mteja anaweza kuletewa sinia lenye glasi ndogo kadhaa, kila glasi na bia yake: moja nyeusi ya kimea kilichokaangwa sana, moja ya ngano yenye ukungu, moja chungu kwa wingi wa hopsi. Meza nzima huonja, hulinganisha, hubishana. Mabishano hayo ni ya Kiswahili, ila jina la kinachobishaniwa limekopwa. Makala hii inapendekeza jina jingine, na inalitafuta Songea, mji usiojulikana kwa migahawa ya bia lakini unaojua pombe kwa undani.

Kwanza maana. Chama cha watengenezaji bia wadogo wa Marekani, Brewers Association, kinaitambua krafti kwa vigezo viwili vikuu. Kiwanda kiwe kidogo, yaani kisizidishe mapipa milioni 6 kwa mwaka. Kisha kiwe huru: kampuni ya vileo isiyo ya krafti isimiliki robo au zaidi ya hisa zake. Kulikuwa na sharti la tatu, la kufuata mapishi ya jadi, nalo liliondolewa mwaka 2018. Udogo huo wa Marekani unahitaji kupimwa upya ukifika kwetu. Pipa lao la bia ni takriban lita 117, hivyo mapipa milioni 6 ni kama lita milioni 700. Ukizigawa kwa Watanzania waliohesabiwa katika sensa ya 2022, watoto wachanga wakiwemo, kila mmoja anapata zaidi ya lita 11. Kwa kipimo hicho karibu kila kiwanda cha Afrika Mashariki kinaweza kujiita kidogo. Ukubwa wa kiwanda, basi, hautufai kuwa msingi wa istilahi.

Kilicho thabiti zaidi ni historia. Mwaka 1965 Fritz Maytag alinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilipokuwa karibu kufungwa, akaamua kupika bia yenye ladha yake badala ya kuiga za makampuni makubwa. Mwaka 1971 wanywaji wa Uingereza waliunda CAMRA, chama cha kutetea bia ambayo chachu yake bado hai ndani ya pipa, dhidi ya bia iliyochujwa na kusukumwa kwa gesi. Mwaka 1976 Jack McAuliffe alifungua New Albion mjini Sonoma, California, kiwanda kidogo alichokiunda kwa vifaa vya kuokoteza. Wote hawa walikuwa wakigomea jambo moja: bia kuwa na ladha ileile kila mahali, isiyo na mtu wa kuulizwa kuihusu. Kiini cha krafti ni kwamba yupo mtu anayeamua ladha, na mnywaji anaweza kumfahamu.

Sasa tuangalie majina yanayojipendekeza. "Bia ya ufundi" inakuja haraka mdomoni, lakini ufundi wa Kiswahili cha Tanzania una VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ndani yake. Msikilizaji atafikiria uchomeleaji na umeme wa majumbani. "Bia ya kiwanda kidogo" inaeleza jengo, na tumeona jengo halina neno. "Bia ya kisanaa" inapamba tu. Iliyobaki ni "ya kienyeji", nayo ina mzigo mzito. Sheria ya Vileo ya Tanzania ya mwaka 1968 inaitenga pombe ya kienyeji na vileo vingine kwa utaratibu wake wa leseni, na mgawanyo huo ni urithi wa fikra za kikoloni zilizoweka bia ya chupa upande mmoja na pombe ya Mwafrika upande mwingine. Masikioni pia neno hilo halitendi haki. Kuku wa kienyeji anapandishiwa bei kwa sababu ya sifa hiyo. Pombe ya kienyeji inashushiwa hadhi kwa sababu hiyohiyo.

Songea hutumia kitenzi ambacho kiko Tanzania nzima lakini watunga istilahi wamekipita: kupika. Pombe ya komoni hupikwa. Pombe ya kangara hupikwa. Anayeifanya kazi hiyo, mara nyingi mwanamke, ni mpika pombe, na jina lake linatangulia jina la kinywaji. Wazoefu wa vilabu vya Majengo au Mfaranyaki mjini humo hawaridhiki kusikia kwamba komoni ipo. Wanataka kujua nani kapika. Jibu la swali hilo linawaeleza kama leo itakuwa nzito au nyepesi, kama itakuwa na ukakasi, kama kimea kilikaushwa vizuri, na kama wakae hapo au wasogee kilabu cha pili. Muuzaji hutoa kionjo kabla ya kupima lita. Katika jamii nyingi za ukanda huu anayeandaa pombe hunywa kwanza mbele ya wageni, kuwahakikishia kwamba ni salama. Kisha chombo kimoja huzunguka kati ya marafiki, na hapo ndipo sifa ya mpishi hupanda au kushuka.

Sifa hiyo ina msingi wa kazi halisi. Ruvuma, mkoa uliko mji wa Songea, ni mkoa wa mahindi, na unga wa mahindi peke yake hauwezi kuwa pombe, kwa kuwa wanga wake hauliwi na chachu. Hapo huingia kimea. Ulezi au nafaka nyingine hulowekwa, hufunikwa mpaka uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Mbegu inapochipua huzalisha vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na kukausha huvihifadhi bila kuviua. Kimea kikitiwa kwenye uji wa moto kiasi, uji unalainika na kuwa mtamu. Uji ukiwa wa moto kupita kiasi, vimeng'enya vinaungua na pombe inakuwa butu. Ukiwa umepoa mno, kazi inasuasua na uchachu unawahi kushika. Mpishi asiye na kipimajoto hutambua kwa mkono, kwa mvuke na kwa jinsi uji unavyodondoka kutoka kwenye mwiko. Uchachu wa mwanzo huu huletwa na bakteria wanaotengeneza asidi, walewale wa togwa. Kilevi kinaletwa na chachu baadaye. Pombe huuzwa ikiwa bado inachemka kwa uhai, na baada ya siku mbili tatu imekuwa kali mno. CAMRA walipigania kitu cha namna hiyo mwaka 1971. Songea hakikuwa kimeondoka.

Magharibi ya mji kuna Abasia ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Bavaria. Katika jimbo hilohilo la Bavaria, Wabenediktini wa Andechs wanapika bia, na watu husafiri kwenda kuionja na kula mlimani pao. Hakuna anayeiita bia ya Andechs ya kienyeji, ingawa ni ya wenyeji, ya mahali pamoja, na ya mapishi ya kurithishana. Inapewa heshima kwa kila sababu ambayo komoni inanyimiwa.

Ndiyo maana istilahi inayopendekezwa hapa ni bia ya mpishi. Atakayesema kwamba jina hilo linaweza kumaanisha bia ya mtu wa jikoni hotelini ana hoja, lakini kitanda cha fundi hakimaanishi kitanda anacholalia fundi. Kinamaanisha hakikutoka kiwandani. Muktadha unatosha. Faida kubwa zaidi ni kwamba neno hili linazaa. Anayeiandaa ni mpishi wa bia, kazi yake ni upishi wa bia, mahali pake ni jiko la bia, na mgahawa unaouza bia inayopikwa palepale ni mgahawa wenye jiko la bia. Glasi ndogo za kulinganisha ni sinia la vionjo. Krafti haizai chochote. Ukitaka kumtaja mtu anayeitengeneza unalazimika kukopa tena.

Istilahi nzuri pia inakata mipaka, na hii inakata. Chibuku, inayouzwa Tanzania kwenye boksi, ni pombe ya nafaka yenye asili moja na komoni, lakini hupikwa kiwandani na kampuni iliyoingia mikononi mwa Tanzania Breweries; ladha imepangwa iwe moja, kwa hiyo si bia ya mpishi. Inasikitisha kidogo, kwa sababu huelezwa kwamba jina lenyewe lilitokana na kitabu ambacho Max Heinrich, mpishi wake wa kwanza huko Rhodesia ya Kaskazini, aliandikia maoni ya wanywaji. Banana Investments ya Arusha, iliyoanza mwaka 1993, imechukua njia nyingine: imekitia kinywaji cha ndizi kwenye chupa, ikakipa lebo na viwango, nacho kikaingia baa bila kuomba radhi. Hicho, hata hivyo, huuzwa kama mvinyo.

Na ulanzi? Wageni wengi wa Nyanda za Juu Kusini huuweka kapu moja na komoni, na ulanzi wenyewe hufika Songea msimu wa mvua ukiwa kwenye madumu. Ulanzi haupikwi. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hulikata tena asubuhi na jioni, na utomvu hudondokea kwenye chombo kiitwacho mbeta hadi chachu ya hewani iufanyie kazi. Hauna kimea, hauna uji, hauna moto. Kwa hiyo bia ya mpishi inauacha nje, na ni sawa iuache, kwa sababu ulanzi una msamiati wake uliokamilika: mtogwa ni ule mtamu wa kuanzia, mkangafu ni ule uliokomaa ukawa mkali. Kundi la marafiki linalotaka kuonja vyote viwili Songea litaagiza kila kimoja kwa jina lake, na litamuuliza mwenye komoni nani kapika, na mwenye ulanzi umegemwa lini.