Seva ya Nane

Jumatano, tarehe 1 Agosti 2012, saa tatu na nusu asubuhi, soko la hisa la New York lilifunguliwa kama kawaida. Dakika 45 baadaye, kampuni ya Knight Capital, mojawapo ya wafanyabiashara wakubwa wa hisa Marekani, ilikuwa hoi.

Hebu turudi nyuma siku chache. Kampuni ilikuwa na programu mpya, na fundi alikuwa akiinakili kwa mkono kwenye seva 8, moja baada ya nyingine. Alimaliza 7. Ya nane akaisahau. Hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua, wala utaratibu ulioandikwa wa kudai ukaguzi huo.

Kumbe ndani ya seva ya nane ulilala msimbo wa zamani, Power Peg, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003. Hakuna aliyejisumbua kuufuta. Mbaya zaidi, swichi ya kuwasha programu mpya ndiyo ile ile iliyokuwa ikiwasha Power Peg. Soko lilipofunguliwa, mzee akaamka. Oda 212 za wateja zikazaa biashara zaidi ya milioni 4. Mafundi walipohangaika kurekebisha, wakaondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa, nazo zikapata wazimu ule ule. Hasara: zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata, Knight ikaunganishwa na Getco, uhuru wake ukaishia hapo.

Cha kuuma ni kwamba dawa ilikuwepo. Miaka kadhaa awali, Kohsuke Kawaguchi, mwanaprogramu wa Sun Microsystems, alikuwa amechoka kuharibu kazi ya wenzake kwa makosa yake. Akaunda programu ya kuchukua kila badiliko, kuliunganisha na kulijaribu yenyewe, ili kosa lijulikane mapema. Aliiita Hudson, mwaka 2011, baada ya mvutano na Oracle, ikapewa jina la Jenkins. Mwaka 2009, wahandisi wa tovuti ya picha ya Flickr walisimama jukwaani wakaeleza kwamba wanapandisha mabadiliko mara 10 au zaidi kwa siku. Siri yao? Mabadiliko madogo madogo, na amri moja ya kuyapeleka kote. Seva ya nane haisahauliki, kwa sababu hakuna mtu anayehesabu.

Lakini usidhani mashine pekee ingetosha. Asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wa Knight ulituma barua pepe 97 zilizotaja Power Peg. Hazikuundwa ziwe kamsa, na hakuna aliyezishughulikia. Hapo ndipo ilipo tofauti. Barua pepe inakuambia mlango uko wazi. Majaribio yaliyowekwa njiani yanaufunga. Yakifeli, programu haipiti, hata bosi awe na haraka kiasi gani.

Mwaka 2013, wasimamizi wa masoko waliitoza kampuni faini ya dola milioni 12. Waliilaumu kampuni, si yule fundi, na nadhani walikuwa sahihi. Jamaa alisahau kitu kimoja kati ya vinane. Mimi na wewe husahau zaidi ya hapo kabla ya chai ya saa nne. Kosa lilikuwa kujenga biashara ya mamilioni juu ya matumaini kwamba hatasahau.