Stika za Nganya Ndogo: Vile Utaziweka Bila Kuchoma Rangi, Hata Kama Uko Sotik na Mvua Haiishi

Kama unaunda mat ya modeli, unajua mahali roho huvunjika. Umekaa wiki tatu ukichonga bodi, msasa juu ya msasa, rangi imeshika fiti, halafu siku ya stika kila kitu kinaharibika. Stika inaacha weupe kama ukungu chini yake, ama inang'oka na kipande cha rangi. Wasee wengi hulaumu stika, lakini mara nyingi shida iko kwa rangi ya chini.

Kwanza tuelewane stika ni gani. Ile ya kawaida ya kubandua na kubandika ni nene sana kwa kazi hii. Piga hesabu: ukiunda Hiace kwa skeli ya 1/24, gari ya karibu mita 4.7 inakuwa sentimita 20 hivi. Stika ya unene wa milimita 0.1 hapo ni kama umebandika kitu cha milimita 2.4 kwa mat ya ukweli. Hiyo ni kama kupigilia mbao kwa mlango! Ndiyo maana wasee wa modeli hutumia dekali, yaani stika ya maji. Ni utando mwembamba ulioshikiliwa na gundi juu ya karatasi. Ukiloweka, gundi inalegea na utando unateleza.

Sasa, rangi. Hapa ndipo Sotik inakupima. Asubuhi jua linawaka poa, alasiri mvua inashuka, usiku baridi ya majani chai inaingia hadi kwa mifupa. Ukipuliza rangi ya NC, ile ya mafundi wa magari, wakati hewa imejaa unyevu, thina inakauka haraka, inapoesha rangi, na maji ya hewani yanatua juu. Matokeo ni weupe kama maziwa. Kwa hivyo piga rangi asubuhi ukungu ukishaisha, na uwe umemaliza kabla mawingu hayajajipanga. Fanyia nje ama mlango wazi, vaa maski, na jiko liwe mbali. Mvuke wa thina hushika moto haraka, hiyo si story ya kujaribu.

Kukauka kwa kidole si kukauka kwa ukweli. Rangi ya mafuta inaweza kushikika leo na bado iwe laini ndani kwa wiki nzima, na kwa baridi yetu ongeza siku. Nusa modeli kwa karibu. Kama bado inanuka rangi, ngoja. Ukiweka dekali hapo, unafungia thina ndani na itatafuta njia ya kutoka.

Jambo lingine: usipulize NC juu ya rangi ya mafuta. Thina ya NC ni kali, itaikunja kama ngozi ya maziwa. Kinyume chake huwa sawa, mafuta juu ya NC iliyokauka. Kama huna uhakika uko na gani, jaribu kwa kipande cha plastiki kabla ya kugusa kazi yako.

Kisha ng'arisha. Rangi isiyong'aa iko na vishimo vidogo ambavyo macho hayaoni. Dekali ikilala juu, hewa inabaki kwa vishimo, na huo ndio ule weupe wa ukungu. Piga klia ya kung'aa tabaka mbili nyembamba, ngoja ikauke kabisa, ndio ulete stika. Hata kama unataka nganya isiyong'aa mwishoni, ng'arisha kwanza, utaififisha baadaye.

Laini ya njano, ile ambayo mat za Kenya zimevaa tangu sheria za Michuki za 2004, usiifanye dekali. Utepe mrefu hujipinda na kukatika. Ipake rangi ukitumia masking tepu, na iwe kabla ya klia.

Siku ya kazi, kata dekali karibu na mchoro ili ukingo wazi usionekane. Shika kwa kibanio, tia kwa maji vuguvugu sekunde 15 ama 20, toa, weka kando dakika moja. Usiiache iogelee, gundi itabaki kwa bakuli. Lowesha mahali itakapokaa, kisha telezesha utando kutoka kwa karatasi moja kwa moja hadi kwa bodi kwa brashi yenye maji. Usiinue na vidole. Ikikaa vibaya, ongeza tone la maji na uisukume polepole. Ikikaa poa, gusa maji kwa kitambaa laini, kuanzia katikati ukielekea nje. Kusugua ni kujitafutia.

Kwenye kona za taa na mistari ya mlango itakataa kulala. Kuna dawa maalum za kulainisha dekali, lakini siki nyeupe ya supa iliyochanganywa na maji husaidia pia. Ukitumia dawa kali, dekali itakunjamana kama imeharibika. Acha! Usiiguse, itajinyoosha ikikauka. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa sindano na utie tone la dawa.

Unataka jina la mat yako? Chapisha kwa karatasi ya dekali. Printa ya wino huyeyuka kwa maji, kwa hivyo puliza klia juu ya karatasi na ungoje ikauke kabla ya kuloweka. Ya tona haina hiyo noma. Na printa ya kawaida haichapishi nyeupe: kama bodi ni nyeusi, tumia karatasi ya nyuma nyeupe, la sivyo maandishi yatapotea.

Ngoja usiku mmoja, futa alama za gundi kwa kitambaa chenye maji, kisha funga na klia. Ya maji ndiyo salama zaidi. Kama ni ya NC, puliza ukungu mwembamba tu kutoka mbali, ngoja, rudia mara mbili au tatu. Tabaka zito la kwanza litakula dekali yote, na hapo hakuna kurudisha.